Watoto wa Ulaya wa miaka ya 1500 walicheza nini? Tuanzie kwenye mchoro mmoja wa mwaka 1560

Mwalimu wa Awali (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwa wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi nafundisha darasa la awali, Muheza. Wiki iliyopita nilibandika ukutani nakala ya mchoro wa zamani. Niliuchapisha kwenye karatasi nne nikaziunga kwa gundi. Sikuwaambia watoto chochote. Haikupita dakika tano, ukuta ukawa umezingirwa. Mmoja akaweka kidole kwenye kona ya chini kushoto, akasema, "Hawa wanacheza mdako." Mwingine akaiona pia inayozungushwa. Mwingine akawaona wanaokimbiza ringi kwa fimbo, akaanza kuigiza palepale darasani. Watoto wa miaka sita waliusoma mchoro wa mwaka 1560 bila kumuuliza mtu.

Tangu siku hiyo jambo hili halinitoki kichwani, nikaona nililete hapa tulijadili.

Mchoro ni wa Pieter Bruegel, yule anayeitwa Mzee kwa sababu mwanawe naye aliitwa Pieter na alikuwa mchoraji. Aliuchora siku alizokuwa akiishi Antwerp, mji wa bandari uliojaa wafanyabiashara. Sasa uko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa, Vienna. Ni ubao wa sentimita 118 kwa 161, na humo ndani amewapanga watoto zaidi ya 200 na michezo zaidi ya 80. Tena amewaachia mji mzima: uwanja, barabara, mto, uzio, hadi madirisha ya jengo kubwa. Watu wazima ni wa kutafuta kwa tochi. Yupo mwanamke mmoja anayewamwagia maji wavulana wawili wanaogombana.

Hao wa kona ya kushoto wanacheza kwa vifupa vya kifundo cha mguu wa kondoo. Unarusha, unadaka, unaokota vingine kabla kile cha juu hakijashuka. Mchezo huo ulikuwa mkongwe hata wakati huo, kwani Wagiriki na Warumi waliucheza. Karibu nao kuna wasichana na wanasesere wao. Kuna mtoto anapuliza mapovu ya sabuni. Kuna aliyepanda farasi wa fimbo, na wawili wanakimbiza pete za pipa. Chini ya matao kuna wanaochapa pia za kuzungusha kwa mijeledi ili zisisimame. Kuna ngongoti fupi na ndefu, kuna kurukiana migongo, kuna kusimama kwa kichwa, kuna mmoja anayeingiza mdomo kwenye tundu la pipa apige kelele asikie sauti yake ikimrudia. Kuna arusi ya kuigiza, bibi arusi mbele na wapambe nyuma, na kuna msafara wa ubatizo wa kuigiza. Halafu yupo msichana mmoja ambaye kazi yake ni kukoroga kinyesi kwa kijiti. Bruegel hakumwacha. Mimi ninayeshinda na watoto kuanzia saa moja na nusu asubuhi namheshimu sana kwa hilo.

Nilichotaka hasa kukisema ni hiki. Zama zile za mwamko wa Ulaya, Renesansi, takriban 1400 hadi 1600, shuleni tulizisoma kupitia wachoraji wakubwa, mabaharia na mitambo ya kuchapa vitabu. Mtoto hayumo. Na wako watu wanaosema kabisa kwamba mtoto wa wakati ule alikuwa mtu mzima aliyefupishwa: anavikwa nguo za baba yake, anapelekwa kazini, utoto hana. Mimi siamini. Nadhani walicheza sana, walicheza kwa chochote kilicho karibu, na wakubwa waliwaona.

Chukua mpira. Nguruwe alichinjwa mwanzoni mwa baridi ili nyama itiwe chumvi ya kuvushia msimu. Kibofu chake watoto walikuwa wanakisubiri. Kinapulizwa, kinafungwa, kinapigwa kwa mkono na mguu. Kwenye mchoro wa Bruegel yupo anayepuliza kimoja. Mshairi Alexander Barclay, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba walitia ndani maharage na njegere ili kiwe kinalia. Na kule Stirling, Uskoti, mafundi wa karne iliyopita walikuta mpira umekwama kwenye boriti za dari ya chumba cha malkia ndani ya ngome: kibofu cha nguruwe kilichoshonewa ngozi juu, wa miaka ya 1540 hivi. Ndio unaoaminika kuwa mpira wa miguu wa zamani kuliko yote iliyobaki duniani. Aliyeupiga ukakwama sijui ni mtoto au mkubwa, lakini ukubwa wake ni kama nusu ya mpira wetu wa leo.

Naomba wenye kujua waongeze nyama.

Msomaji wa Usiku

Asante mwalimu, uzi mzuri. Ila naomba kupinga kidogo.

Ulichokitaja, kwamba mtoto alikuwa mtu mzima aliyefupishwa, kina mwenyewe. Ni mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès, katika kitabu chake cha mwaka 1960. Hakusema kwamba wazazi hawakuwapenda watoto. Alisema kwamba jamii ya zama za kati haikuuona utoto kama hatua ya maisha inayojitegemea. Hata michezo haikutengana: wakubwa walicheza kujificha na kufungana macho, watoto walicheza karata na dadu kwa fedha, na hakuna aliyeshangaa.

Pili, mtazame Bruegel vizuri. Nyuso zile zina utoto gani? Ni nyuso nzito, za wazee. Wataalamu wengi wamesema picha ile ni fumbo: sisi wakubwa na arusi zetu na misafara yetu ndio tunaopanda mapipa tukidhani ni farasi. Ukiutumia kama ushahidi wa maisha ya watoto, utakuwa umemsoma mchoraji kwa upande mmoja.

Mwalimu wa Awali

Mkuu, nimekuelewa na nakubali nusu.

Fumbo linaweza kuwemo. Mwaka mmoja kabla alichora ubao mwingine uliojaa methali za Kiholanzi, kwa hiyo alikuwa mtu wa mafumbo. Lakini hata kama alikusudia kuwasema wakubwa, ilimbidi kwanza asimame mtaani aangalie. Namna ya kukunja kidole gololi isikuponyoke, namna mtoto anavyoshika sketi ya mwenzake kwenye msafara, hayo huyatoi kichwani. Na mwaka 1560 alikuwa hajaoa. Alioa 1563, mwanawe wa kwanza akazaliwa 1564. Alikuwa anaangalia watoto wa watu.

Nikuonyeshe kitu kimoja. Kona ya chini kulia kuna msichana aliyefungua duka. Anasaga tofali apate unga mwekundu, ana mizani ya kupimia. Rangi za mchoraji nazo zilianza hivyo, udongo na mawe yaliyosagwa. Sioni dhihaka pale. Namuona mtu anayeitambua kazi yake kwenye mikono ya mtoto.

Kuhusu Ariès, nenda Verona, makumbusho ya Castelvecchio. Kuna picha ya Giovanni Francesco Caroto, ya miaka ya 1515 hadi 1520 hivi: mtoto mwenye nywele nyekundu anatugeukia akicheka, mkononi ana karatasi aliyochora mtu wa vijiti. Kichwa kikubwa, mikono miembamba, kama vile wanavyochora wangu. Yule mchoraji mkubwa alichukua brashi yake akanakili mchoro wa mtoto kwa uaminifu bila kuurekebisha. Asiyeuona utoto angefanya hivyo kwa sababu gani?

Fundi Kusubu

Mimi ni fundi wa kusubu, tunayeyusha alumini tunatoa masufuria na vifuniko. Nimeingia humu kwa ajili ya vitu vya chuma, na nina jambo moja la kazi yangu.

London, mto Thames maji yakipwa, kuna watu wanashuka kupekua matope. Wameokota humo vitu vya kuchezea vingi sana vya miaka mingi, na vingi vimewekwa makumbusho ya mji ule. Kuna askari juu ya farasi, wa tangu mwaka 1300 hivi. Kuna visahani, vibirika, viti, saa za kuning'iniza, sanamu ndogo za watu. Vimetengenezwa kwa bati lililochanganywa na risasi.

Fundi akisikia bati na risasi anaelewa mara moja. Mchanganyiko ule unayeyuka kwa moto mdogo, jiko la mkaa tu linatosha. Kalibu unaichonga kwenye jiwe vipande viwili, unavibana, unamimina, kinaganda upesi, unafungua, unamimina tena. Kalibu moja inakutolea mamia. Ndio maana nasema vitu vile havikuwa vya watoto wa wafalme peke yao. Mtu hatengenezi kalibu ya kutoa mamia kama wanunuzi ni watatu. Kulikuwa na soko, na mtoto wa fundi viatu alikuwa na farasi wake mfukoni.

Kuna zilizonisikitisha. Bunduki ndogo za kuchezea, za miaka ya mwisho wa 1500 na ya 1600, zilizotobolewa kweli, unaweza kutia baruti. Baadhi zimeokotwa mtutu umepasuka. Madini laini, ukuta mwembamba, baruti ndani. Mimi najua kilichotokea kwenye mkono ule, na roho inaniuma hadi sasa.

Mama wa Mabinti Watatu

Mnazungumza askari, mipira na bunduki. Wasichana mmewaachia wanasesere peke yake?

Wanasesere walikuwepo, sikatai. Nuremberg, Ujerumani, walikuwepo mafundi wa wanasesere tangu karne ya 15, wakauza kwenye masoko ya mbali. Na kuna picha ya Arbella Stuart, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, mwaka 1577, umri miezi 23, amembana mwanasesere wake kifuani. Amevalishwa gauni zito la kikubwa, lakini ule mkono unavyombana yule mwanasesere ni mkono wa mtoto wa miezi 23. Mwenye mtoto wa umri huo anaujua.

Ila mimi picha yangu ni nyingine. Cremona, Italia, baba mmoja wa familia ya heshima aliwasomesha mabinti zake na kuwaruhusu kujifunza uchoraji. Mkubwa wao, Sofonisba Anguissola, mwaka 1555 aliwachora wadogo zake watatu wakicheza sataranji bustanini. Lucia, mkubwa kati ya wale watatu, anatutazama sisi kama ameshashinda. Minerva ameinua mkono, anataka kusema neno. Na katikati Europa, kadogo, kanamtazama dada anayeshindwa, kanacheka hadi meno yanaonekana. Nyuma yao yaya mzee anafuatilia mchezo.

Zingatieni kwamba sataranji wakati huo ilikuwa mpya kwa namna fulani. Mwishoni mwa karne ya 15 kanuni zilibadilika, malkia aliyekuwa akienda hatua moja akapewa nguvu ya kuvuka ubao mzima upande wowote. Wasichana wale waliukuta mchezo ambao kete yenye nguvu kuliko zote ni mwanamke. Sofonisba mwenyewe baadaye aliitwa Hispania kwenye kasri ya mfalme kama msaidizi wa malkia, akamfundisha kuchora.

Nina mabinti watatu. Nilipoiona ile picha nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu kicheko kile cha Europa nakisikia nyumbani kila jioni.

Mkulima Mtulivu

Nashukuru wote, ila tusisahau hawa wa kwenye picha wengi wana nafasi. Mtoto wa mkulima alichunga bata, alifukuza ndege shambani, alikusanya kuni. Mchezo uliingia katikati ya kazi. Mimi nimekua hivyo, na sioni kama nilikosa kucheza. Tulicheza tukiwa kazini, ng'ombe wakitulia.

Halafu serikali nayo iliingia. Uingereza, mwanzoni mwa utawala wa Henry VIII, sheria iliagiza kila mvulana kuanzia miaka 7 hadi 17 apatiwe upinde na mishale miwili nyumbani, ajifunze kulenga. Mfalme alitaka wapiga mishale wa vita. Michezo mingi ya watu wa kawaida ilikatazwa kwa hoja hiyohiyo, kwamba inawapotezea vijana muda.

Florence, Italia, ilikuwa kali zaidi. Siku za sherehe kabla ya Kwaresima, wavulana walifunga njia kwa magogo, hupiti mpaka utoe hela ya kuni za mioto yao na karamu. Halafu wanapigana kwa mawe, watu wanakufa. Mtawa Savonarola akawachukua wavulana walewale, akawapanga kwa vikundi, akawatuma wakusanye sadaka za maskini. Februari 1497 wakapita nyumba kwa nyumba wakidai karata, dadu, vinyago na mapambo, vikachomwa moto kwenye uwanja mkuu. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliuawa na mwili wake kuchomwa kwenye uwanja uleule. Nikiwafikiria wale wavulana nawaza: mtu aliwanyang'anya mchezo mmoja akawapa mwingine, na wao hawakuulizwa katika yote mawili.

Nesi wa Zamu

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Naomba nimtaje mtoto mmoja kwa jina.

Uingereza ya wakati huo, mtu akifa kwa ajali ilikuwa lazima afisa achunguze na kuandika. Karatasi zile zipo hadi leo, na watafiti wa Oxford wamezipitia. Humo yumo Jane Shaxspere, miaka miwili na nusu. Mwaka 1569, kijiji cha Upton Warren, alikuwa anachuma maua ya njano kando ya bwawa la kinu, akateleza. Kijiji hicho hakiko mbali sana na Stratford, alikokuwa akikua mtoto mwingine wa miaka mitano, William Shakespeare. Huenda walikuwa ndugu, huenda hapana.

Namtaja kwa sababu mchezo wa mtoto mdogo kabisa haumo kwenye orodha zenu. Hana pia, hana mpira. Mchezo wake ni ua, analichuma, analipeleka kwa mtu. Karani yule aliandika hata aina ya maua. Hakulazimika.

Mwalimu wa Awali

Nesi, Mungu akupe nguvu. Maneno yako nimewasomea walimu wenzangu asubuhi hii, tukanyamaza wote.

Nimalizie na upande wangu wa kufundisha, kwa kuwa Mkulima ametaja upinde.

Erasmus wa Rotterdam, msomi mkubwa wa zama hizo, alichapisha mwaka 1529 maandishi kuhusu kuwafundisha watoto wadogo. Aliwalaumu walimu wa viboko kwa ukali ambao hata leo ungewaudhi baadhi yetu. Akasimulia habari ya baba mmoja Mwingereza aliyeona mwanawe anapenda kulenga kwa mishale. Baba akamnunulia upinde mzuri, mishale imepakwa herufi, na shabaha zenyewe ni herufi. Mtoto akipiga herufi na kuitaja sawasawa, anashangiliwa, tena anapewa cheri. Alfabeti ikaingia kwa siku chache. Alitaja pia herufi za biskuti, ukiisoma unaila.

Kabla yake, mwaka 1423, Vittorino da Feltre alifungua shule Mantua, Italia, kwenye nyumba iliyoitwa Nyumba ya Furaha. Watoto wa mtawala wa mji walikaa darasa moja na watoto maskini, na kukimbia, kuogelea na michezo ya mpira vilikuwa sehemu ya ratiba. Naye Montaigne, Mfaransa aliyezaliwa 1533, aliandika kwamba michezo ya watoto tusiione michezo, bali mambo yao mazito kuliko yote. Baba yake aliagiza awe anaamshwa asubuhi kwa sauti ya ala ya muziki ili usingizi usikatwe ghafla.

Cheri Muheza hatuna. Machungwa tunayo. Kesho nachora herufi kubwa kwenye maboksi, nazipanga ukutani nje, warushe madongo ya udongo. Nitaleta mrejesho.

Mama wa Mabinti Watatu

Tunasubiri mwalimu. Na uwape wasichana nao zamu ya kwanza.

Mwalimu wa Awali

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Tulianza na wasichana. Maboksi kumi na mawili, herufi kumi na mbili, madongo ndoo mbili, machungwa yamekatwa vipande kwenye beseni. Yupo binti mmoja ambaye tangu Januari anachanganya b na d, nimejaribu njia zote ninazozijua. Alilenga b, dongo likaenda likapiga d. Wenzake wakashangilia. Akasimama, akayatazama maboksi yale mawili kwa muda, akasema, "Hapana, nimekosa. Ile yangu tumbo liko huku," akaonyesha kwa mkono wa kulia, ukiwa umejaa udongo.

Nilimpa vipande viwili.

Kisha wakaanza kutunga kanuni zao: ukikosa unaenda kuokota madongo ya wenzako, ukipata mara tatu unakuwa mwalimu, unataja herufi wengine wapige. Hiyo sikuwafundisha mimi. Kengele ya saa nne ililia hawakuisikia. Maboksi yamelowa udongo, nimeyaanika, na mzazi mmoja ameahidi kuniletea mengine kutoka dukani kwake Ijumaa.

Fundi Kusubu

Mwalimu, nipe vipimo vya herufi hizo. Nakuchongea kalibu, nakutolea seti nzima ya alumini, kingo nitazipiga msasa zisiwakate. Usitume hela.